Miaka 38 kabla ya kudai: kisa cha kinanda cha Procol Harum

Wimbo wa "A Whiter Shade of Pale" wa bendi ya Procol Harum ya Uingereza hauanzi na mwimbaji. Kabla Gary Brooker hajafungua kinywa, kinanda cha Hammond kinashika noti moja ndefu, kinaiachia, kisha kinatembea taratibu juu ya besi inayoshuka hatua kwa hatua. Sehemu hiyo haifiki hata nusu dakika, na inarudi tena baadaye kati ya beti. Kuna watu wengi wasiojua jina la bendi wala neno moja la mashairi yake, lakini kinanda hicho kikilia tu wanaujua wimbo.

Sasa swali: nani aliutunga wimbo huo? Kwa miaka 38 jibu rasmi lilikuwa Gary Brooker na Keith Reid. Brooker muziki, Reid maneno. Aliyekipiga kile kinanda, Matthew Fisher, hakuwemo. Mwaka 2005 alikwenda mahakamani, na kesi yake ikapanda ngazi zote tatu za mahakama za Uingereza hadi 2009. Ninaichambua hapa kwa sababu ni kesi ninayoamini kila mpiga ala anayefanya kazi ndani ya bendi angepaswa kuijua, awe London au Sinza.

Tuanze na mwaka 1967, kwa kuwa tarehe zenyewe ndizo zilizobeba kesi. Brooker alikuwa ametoka The Paramounts, bendi ya vijana wa Southend-on-Sea waliokuwa wakipiga nyimbo za watu weusi wa Marekani. Akakutana na Reid, mwandishi wa mashairi ambaye hakupiga ala yoyote wala kuimba, lakini baadaye alihesabiwa kuwa mwanachama kamili wa bendi. Reid analeta maneno, Brooker anakaa kwenye piano na kuyatafutia sauti. Tarehe 7 Machi 1967 wawili hao walikuwa tayari na rekodi ya majaribio ya wimbo huo, na wakasaini hati ya kukabidhi haki zake kwa kampuni ya uchapishaji muziki ya Essex Music. Siku hiyo Procol Harum, jina ambalo lilitokana na paka wa rafiki yao, bado haikuwa bendi ya watu waliokaa chumba kimoja na kupiga. Fisher hakuwepo. Alijiunga baada ya hapo, mwezi huohuo ukielekea mwisho.

Fisher alikuwa kijana aliyesomea muziki, akiwa na kinanda chake cha Hammond na masikio yaliyozoea Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18. Katika mazoezi aliikuta safari ya kodi za Brooker (chords, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja) imeshapangwa: besi inashuka kutoka noti ya msingi ngazi baada ya ngazi, mtindo ambao mtu yeyote aliyewahi kusikia ile "Air" ya Bach ataufahamu. Juu ya safari hiyo hapakuwa na sauti ya kinanda. Fisher ndiye aliyeiweka. Hakupewa karatasi yenye noti za kufuata. Aliitengeneza mwenyewe, akairudia na kuisafisha mazoezini hadi ikatulia. Mwezi Aprili wakaingia Olympic Studios, London, chini ya prodyuza Denny Cordell. Mpiga dramu wa siku ile, Bill Eyden, alikuwa mtu wa jazi aliyekodiwa kwa kazi hiyo tu.

Rekodi ilitoka tarehe 12 Mei 1967. Mwezi Juni ikashika namba moja Uingereza na kukaa hapo wiki sita. Marekani ilifika namba tano. Bendi iliyokuwa na umri wa wiki chache ikajikuta na wimbo unaopigwa dunia nzima, na kwenye lebo ya santuri majina ya watunzi yalikuwa mawili, kama yalivyokuwa kwenye hati ya Machi.

Hapa inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo wasanii wengi huyachanganya. Rekodi ina haki zake, na utunzi una haki zake. Fisher kama mwanachama wa bendi alikuwa na fungu lake katika mapato ya rekodi. Alichokosa ni fungu la utunzi, na kwa wimbo unaodumu, utunzi ndio unaolipa kwa muda mrefu zaidi. Mwimbaji mwingine akiurekodi upya wimbo huo, Fisher wa kwenye rekodi ya zamani hapati kitu, ilhali mtunzi analipwa. Na wimbo huu umerekodiwa na wasanii wengine zaidi ya mara elfu moja. Percy Sledge aliuimba, Joe Cocker aliuimba, Annie Lennox aliupeleka tena kwenye chati mwaka 1995. Wengi wao waliona lazima waanze na ile sauti ya kinanda au kitu kinachofanana nayo.

Kwa nini hakudai mapema? Swali hilo ndilo watu wengi huliuliza kwanza, wengine kwa kebehi, na kwa maoni yangu jibu lake linauma kuliko sehemu nyingine yoyote ya kesi. Ushahidi wake, ambao mahakama iliukubali, ulikuwa kwamba aliligusia suala hilo kwa Brooker na Reid mwaka uleule wa 1967 na hakusikilizwa. Aliona kwamba akikomaa ataambiwa afungashe. Alikuwa na umri wa miaka 21, ndani ya bendi ambayo wimbo wake ulikuwa juu kabisa ya chati. Nani angeondoka? Akanyamaza. Mwaka 1969 alitayarisha kama prodyuza albamu ya "A Salty Dog", ambayo wapenzi wengi wa bendi wanaiona kuwa kazi yao bora, kisha mwaka huohuo akaondoka. Bendi ilipofufuliwa mwaka 1991 baada ya kuvunjika 1977, alirudi, na akawa nayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi alipanda jukwaani, akapiga sehemu ileile watu waliyoijia, akashangiliwa, na mirabaha ya utunzi ikaenda kwa wengine.

Mei 2005 akafungua kesi dhidi ya Brooker na kampuni ya Onward Music, iliyokuwa imerithi haki za Essex. Wakati huo alikuwa akiishi Croydon na kufanya kazi ya kuandika programu za kompyuta.

Mahakama Kuu ilimpangia kesi hiyo Jaji Blackburne, ambaye kwa bahati njema alisoma muziki pamoja na sheria chuoni Cambridge. Alikuwa na uwezo wa kusoma noti zilizowekwa mbele yake, na pande zote mbili zilipiga kinanda mle mahakamani kumwonyesha kipi kilitoka wapi. Hoja ya Brooker ilikuwa na uzito: wimbo ulikuwepo kabla ya Fisher, kodi ni zangu, sauti ya kuimba ni yangu, na mtindo wa Bach niliuleta mimi; yeye alifanya kile ambacho mpiga kinanda yeyote hodari angefanya juu ya kodi hizo. Jaji alikubali kwamba kodi zilikuwa za Brooker. Lakini alipolinganisha kile Brooker alichokuwa amekitunga na kile kinanda kilichofanya, aliona tofauti ya kutosha: kuna sauti mpya, inayojitegemea, ambayo haikuwemo kwenye rekodi ya majaribio na ambayo imekuwa sehemu kubwa ya utambulisho wa kazi nzima. Tarehe 20 Desemba 2006 akatamka kwamba Fisher ni mtunzi mwenza. Fisher alikuwa ameomba nusu ya upande wa muziki. Jaji alimpa asilimia 40, kwa kuwa mchango wake ulikuwa mkubwa lakini haukulingana na wa Brooker. Na alimpa kuanzia tarehe 31 Mei 2005 tu, siku alipofungua madai.

Naona jaji alipatia, na sababu yangu ni hiyo rekodi ya majaribio. Ukitaka kujua mtu kachangia nini, toa alichokileta kisha usikilize kinachobaki. Ukitoa kinanda cha Fisher, kinabaki wimbo mzuri wa taratibu wa piano wenye mashairi magumu kueleweka. Wimbo huo upo, una mtunzi wake halali, lakini sio ule uliokaa namba moja wiki sita. Na hoja ya Bach inajijibu yenyewe: kama kuchota kwa Bach kunamnyima Fisher utunzi, basi kunamnyima Brooker pia, kwa sababu wote wawili walikunywa kisima kimoja. Kuathiriwa na mtu aliyefariki mwaka 1750 si kunakili. Fisher hakuipiga "Air". Alipiga kitu kinachotukumbusha.

Brooker aliumia sana na hukumu hiyo, na aliogopa kwamba sasa kila mpiga ala aliyewahi kukaa studio atarudi kudai. Sitaki kuipuuza hofu hiyo. Kiongozi wa bendi anayewaalika wenzake waongeze ladha kwenye wimbo wake hapaswi kuamka miaka 40 baadaye na kukuta nyumba ina wapangaji asiowajua. Ila kipimo cha mahakama hakikuwa "alikuwepo studio". Bill Eyden alikuwepo, akashika mapigo vizuri, na hakuna aliyemwita mtunzi. Kipimo kilikuwa mchango wa asili, wenye uzito, unaoweza kusikika na kuelezwa kwa noti. Wapiga ala wachache sana wanakivuka.

Rufaa ikaenda, na Aprili 2008 Mahakama ya Rufaa ikatoa uamuzi ambao mpaka leo naona ulikuwa wa ajabu. Ilikubali kwamba Fisher ni mtunzi mwenza. Wakati huohuo, kwa wingi wa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikasema amechelewa mno kiasi kwamba hastahili hata senti moja ya mirabaha ya baadaye. Abaki na sifa. Fikra iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo inatoka kwenye kanuni za insafu: mtu aliyekaa juu ya haki yake na kuwaacha wengine wapange maisha yao kwa kuamini kwamba hana dai, asisaidiwe na mahakama. Kwa mtazamo wa kawaida wa binadamu, hilo linaingia akilini. Miaka 38!

Lakini House of Lords, baraza la juu la Bunge la Uingereza ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya mwisho ya nchi, liliuona udhaifu. Ilikuwa miongoni mwa kesi zake za mwisho kabisa kabla kazi hiyo haijahamia Mahakama ya Juu mpya mwezi Oktoba 2009. Tarehe 30 Julai 2009 majaji watano kwa kauli moja walimrudishia Fisher haki zake zote alizopewa na Jaji Blackburne. Hukumu kuu iliandikwa na Lord Neuberger, na ndani yake kuna hoja mbili ambazo ningependa tukae nazo kidogo.

Ya kwanza ni ya sheria tupu. Hakimiliki ni mali. Sheria ya Uingereza inaweka ukomo wa miaka sita wa kudai fidia pale hakimiliki inapokiukwa, lakini haiweki ukomo wowote wa kutambuliwa kuwa wewe ni mmiliki. Mali haiyeyuki kwa sababu mwenyewe alinyamaza. Kampuni ilijaribu kusema kwamba kwa kujiunga na bendi na kusaini mkataba wa kurekodi, Fisher alikuwa amekabidhi utunzi wake kimyakimya. Majaji hawakukubali kwamba mkataba wa rekodi unaweza kumeza utunzi bila kuutaja. Walichokiona ni kwamba alikuwa ameiruhusu kampuni kuitumia kazi yake bure kwa muda wote huo, na ruhusa ya namna hiyo inaweza kufutwa. Aliifuta tarehe 31 Mei 2005.

Hoja ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu ni ya akili ya kawaida. Ili ucheleweshaji umnyime mtu haki, lazima uwe umemwumiza yule mwingine. Sasa Brooker na kampuni waliumizwa na nini? Kwa miaka 38 walichukua mapato yote ya utunzi, pamoja na yale ambayo kwa haki yangekuwa ya Fisher, na Fisher hakuwa anadai kurudishiwa hata kidogo cha nyuma. Ucheleweshaji wake uliwaingizia fedha. Hasara yoyote waliyoweza kuitaja ilifunikwa na faida hiyo. Ukishaisikia hoja hiyo unashangaa kwa nini Mahakama ya Rufaa haikuipa nafasi inayostahili. Baroness Hale, mmoja wa wale watano, aliandika maelezo mafupi akisema kwamba yeye ni miongoni mwa wanaoikumbuka miaka ya sitini, na anafurahi kuona mtunzi wa sehemu ile ya kinanda hatimaye ametambuliwa.

Ushindi, ndiyo, lakini tuhesabu kilichopotea kabla ya 2005. Mafanikio ya kwanza ya 1967 yalipita. Mwaka 1972 rekodi ilitolewa upya Uingereza na kuingia tena kwenye chati, yalipita. Mwaka 1977, kwenye tuzo za kwanza za Brit, wimbo huo uligawana na "Bohemian Rhapsody" ya Queen heshima ya kuwa wimbo bora wa pop wa Uingereza wa robo karne iliyotangulia. Rekodi ya Annie Lennox, filamu, matangazo, redio za kila nchi. Mwaka 2009, mwaka uleule wa hukumu, ilitangazwa kuwa ndiyo rekodi iliyopigwa zaidi hadharani Uingereza katika miaka 75. Asilimia 40 ya upande wa muziki wa yote hayo ilikwenda kwingine, na hakuna mahakama iliyoirudisha. Wanaosema Fisher alikuwa mlafi hawajaipiga hesabu hiyo.

Kilichopotea upande wa pili ni bendi yenyewe. Procol Harum iliendelea na mpiga kinanda mwingine, na ilifanya maonyesho mazuri, ikatoa albamu ya mwisho ya "Novum" mwaka 2017. Ni bendi iliyostahili kukumbukwa kwa zaidi ya wimbo mmoja: mwaka 1971 ilirekodi onyesho zima la moja kwa moja na Edmonton Symphony Orchestra ya Kanada, wakati kuunganisha roki na okestra kamili bado lilikuwa jambo la kujaribu bahati, na "Conquistador" kutoka usiku ule ikawa wimbo wao mwingine mkubwa. Lakini kila mazungumzo juu yao yanarudi 1967. Na hata Rock and Roll Hall of Fame, ilipoanzisha mwaka 2018 orodha ya nyimbo zilizobadili muziki, iliuingiza wimbo na kuiacha bendi nje.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona upesi kwa nini nimekaa na kisa hiki. Muziki wa dansi wetu ulizaliwa hivihivi. Mtunzi anakuja mazoezini na maneno na sauti ya kuimba. Mpiga solo anatafuta njia yake, mpiga besi anatafuta yake, tarumbeta zinapanga mwitikio wao, na siku ya kwenda kurekodi Redio Tanzania jina linaloandikwa ni la yule aliyeleta maneno. Nyimbo nyingi za zilipendwa zinatambulika kwa gitaa la utangulizi kabla mwimbaji hajaingia. "Malaika" yenyewe, wimbo wetu uliozunguka dunia kuliko wote, ina mvutano wa miaka mingi kati ya wanaomtaja Fadhili William na wanaomtaja Adam Salim. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wa Dar es Salaam wala Nairobi, lakini mawakili wetu huzitumia na mahakama huzisikiliza. Mpiga solo mwenye rekodi ya kabla na ya baada, au shahidi aliyekuwepo mazoezini, ana kitu cha kushika. Asiye na ushahidi huo ana kazi ngumu: Fisher aliweza kuthibitisha kwa sababu rekodi ya Machi 1967 ilikuwepo na wenzake walikuwa hai kuulizwa.

Kuna tokeo moja la kesi hii ambalo nadra kutajwa. Gary Brooker alifariki Februari 2022, na Keith Reid akamfuata Machi 2023. Chini ya sheria ya Uingereza, hakimiliki ya kazi iliyotungwa na zaidi ya mtu mmoja hudumu miaka 70 baada ya mwaka aliofariki mtunzi wa mwisho kati yao. Mahakama ilipoliingiza jina la Fisher, iliingiza pia umri wake kwenye hesabu hiyo, na yeye ameishi kuliko wote wawili. Kwa hiyo warithi wa Brooker wataendelea kulipwa kwa muda mrefu zaidi kuliko ambavyo wangelipwa kama yeye angeshinda.